Ilimba sio kinanda: jinsi ya kuitia sauti, kuipiga na kuitunza kwa hali ya hewa yetu ya Dodoma

Mbukwenyi ndugu zangu. Kila ukifika mwezi wa saba, upepo wa huku kwetu ukishaanza kuvuma na vumbi lake, huwa napigiwa simu na vijana, kaka ilimba yangu imekufa, haina tena ule mlio wake nifanyeje? Na ukienda kuiangalia mara nyingi unakuta haijafa wala nini, kuna kitu kidogo tu kimetoka na mwenyewe hajui hata kama kilikuwepo. Nimeona niandike nnayoyajua yote mahali pamoja maana wazee waliotufundisha sisi wanapungua, na ilimba haiuzwi dukani na kikaratasi cha maelezo.

Kwa asiyeijua, ilimba ndo ile watu wengi wanaita marimba ya mkono, sanduku la mbao lenye uwazi ndani, juu yake vimepangwa vyuma unavipiga kwa vidole gumba. Ni ala ya Wagogo, utaikuta Chamwino, Bahi, Mpwapwa, mpaka kule Manyoni. Mzee Hukwe Zawose (1938–2003), mtu wa hukuhuku Dodoma aliyekuja kufundisha kule Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ndo aliyeitembeza mpaka nje ya nchi watu wakaijua. Ukipata rekodi yake usisikilize vyuma tu, sikiliza kinachoungurumia nyuma ya vyuma, kama vile mzinga wa nyuki umo ndani ya sanduku. Ule mvumo ndo roho ya ilimba na ndo wa kwanza kupotea.

Basi tuanze na huo.

Chukua ilimba yako uikague sanduku lote, mbele, pembeni, kila fundi ana pake. Utaona kuna tundu au matundu yamezibwa na kitu cheupe chembamba kama karatasi. Huo ni utando wa buibui. Sio ule wa nyuzinyuzi wa kunasia inzi, hapana, ni kile kifuniko cheupe cha duara ambacho buibui wa ndani anakitengeneza kufunika mayai yake, kinakuwa kimelala bapa ukutani. Ukipiga chuma, hewa ya ndani ya sanduku inatikisika, inausukuma ule utando na wenyewe ndo unavuma. Ukitoboka hata kidogo tu, au ukibanduka upande mmoja, mvumo unakufa na inabaki sauti ya vyuma vitupu, kavu, kama mtu anagonga bakuli.

Jinsi ya kuubadilisha. Kwanza tafuta kifuniko ambacho mayai yameshaanguliwa, kitupu, utakiona kwenye kuta za nyumba za udongo, nyuma ya mlango wa stoo, nyuma ya picha ya harusi ambayo haijashushwa miaka mingi. Kama nyumbani mnapuliza dawa ya wadudu kila wiki hutapata, nenda kwa bibi kijijini. Ingiza wembe kwa chini polepole ukizunguka duara lote, usivute, uvivu wa mkono hapa unalipa. Kikishabanduka kipulizie vumbi litoke, kikague kwenye mwanga wa dirisha kama hakina tundu. Halafu toa mabaki ya utando wa zamani kwenye tundu la ilimba, pafute pawe pakavu pasafi, zungushia nta kidogo sana ya nyuki kwenye mdomo wa tundu na uulaze utando juu yake, ukandamize pembeni na ncha ya kidole. Wazee wengine wanatumia mate tu na inashika, mimi naona mate kipindi cha kiangazi hayadumu, yanakauka na utando unaachia.

Kukaza ndo kwenyewe. Ukiwa umelegea sana unapapatika na kukwaruza, ukikaza sana unanyamaza. Mi nnavyopima, kabla sijapiga chuma chochote nasogeza mdomo karibu na lile tundu naguna "mmm" nikipandisha na kushusha sauti, utando ukiwa sawa unanijibu, unauhisi mpaka mdomoni unawasha. Usipojibu, bandua uweke upya, usiseme ntazoea.

Ukikosa kabisa utando, karatasi nyembamba ya kusokotea sigara inafanya kazi ya kuazima. Zamani vijana walikuwa wanatumia ile mifuko laini ya rambo, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 haionekani, na kusema ukweli sijaimisi, plastiki inavuma lakini mvumo wake unakata masikio.

Haya, sasa kutia sauti, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu hapa ndo panaponiuma. Miaka kadhaa iliyopita kuna kwaya moja ilinialika nipige nao, nikafika mwalimu wao akaweka ilimba yangu pembeni ya kinanda, akabonyeza funguo mbili tatu akasema ilimba yako ina sauti mbovu, irekebishe ifuate kinanda. Nikiwa mdogo mbele ya watu wazima nikakubali, nikakaa uani na koleo saa nzima nasukuma vyuma. Ibada tulipiga. Ila niliporudi nyumbani babu alisikiliza dakika moja tu akaniambia hii umeileta kutoka wapi. Vyuma vilikuwa vinalia kila kimoja kivyake, mvumo umepungua nusu, na nyimbo zake yeye mwenyewe akashindwa kuziimba juu yake.

Sababu yake ni hii. Kinanda kimegawa sauti zake kwa hatua zinazolingana, kumi na mbili, ili wimbo uweze kuhamishwa popote. Uimbaji wa Kigogo haukuanzia hapo, unafuata zile sauti ambazo uzi unaolia unazitoa wenyewe ndani yake, uzi mmoja ukiutikisa unatikisika mzima, unatikisika nusu, theluthi, robo, moja ya tano, ya sita, ya saba, na kila mgawanyo una sauti yake. Ukizipanga zile za kuanzia robo mpaka moja ya tisa ndani ya ngazi moja, yaani toka do moja mpaka do inayofuata, unapata sauti tano, na wanakwaya watanielewa nikisema ni do, re, mi, so, na ta (yaani ti iliyoshushwa), kisha do ya juu. Hakuna fa, hakuna la. Ila mi yake iko chini kidogo ya mi ya kinanda na ta yake iko chini zaidi, na hiyo ta ndo waalimu wengi wanasema mbovu. Sio mbovu, ni ta halali ya moja ya saba.

Kwa namba, tuseme do yako ni hezi 200, yaani mitikisiko 200 kwa sekunde. Basi re ni 225, mi ni 250, so ni 300, ta ni 350 na do ya juu ni 400. Ona zilivyokaa. Kinanda kingekupa mi ya 252, unaweza kuvumilia, lakini ta yake ingekuwa 356 na hiyo 6 ya ziada inasikika na mtu yeyote mwenye masikio. Kama do yako sio 200, na mara nyingi haitakuwa, izidishe kwa 1.125 upate re, kwa 1.25 upate mi, 1.5 so, 1.75 ta, na mara 2 ni do ya juu. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Kwa hiyo ukitumia ile apu ya simu ya kupimia sauti za gitaa, tumia ile inayoonyesha namba za hezi, usifuate ile taa ya kijani inayokwambia uko sawa, taa hiyo inajua kinanda tu. Ukifika kwenye ta na taa ikageuka nyekundu jua uko njia nzuri.

Na kama huna bando wala simu ya maana, tafuta gitaa la mtu. Uzi wa gitaa la kawaida una urefu wa kama sentimita 65 toka pale juu shingoni mpaka daraja la chini. Gusa uzi kwa wepesi, usiukandamize, sentimita 13 kutoka darajani halafu uupige, unapata mi yetu. Kwenye 10.8 unapata so, kwenye 9.3 unapata ta na kwenye 8.1 ni do tena, kwenye 7.2 re. Zitakuwa za juu sana, haidhuru, wewe zishushe kwa kuziimba. Fanya hivyo jioni mbili tatu sikio lako litazikamata na hutahitaji tena gitaa. Mi ndo nilivyowafundisha wadogo zangu na saa hizi wananikosoa mimi.

Kuvisogeza vyuma vyenyewe sasa. Kila chuma kimelalia kijiti cha mbele na kijiti cha nyuma, katikati kuna chuma kingine cha kukatiza kinachovibana kwa chini. Sehemu inayolia ni ile tu inayojitokeza mbele ya kijiti cha mbele. Ukivuta chuma kije kwako hiyo sehemu inarefuka na sauti inashuka, ukikisukuma ndani inafupika na sauti inapanda. Ni kidogokidogo mno, kwenye chuma chenye sentimita 5 za kulia, milimita 1 tu inabadilisha sauti zaidi ya nusu ya hatua ya kinanda. Usivute na koleo kwa nguvu, shika na kitambaa, tikisa kushoto kulia huku unasogeza, au gonga kwa upole kichwa cha chuma na kipande cha mti, usigonge na nyundo moja kwa moja kwa sababu utaacha kovu na chuma kitaanza kukwaruza.

Anza na do ya chini kabisa, ipate unayoipenda, inayokaa na koo lako. Kisha fanya do zote. Kisha so zote. Ta iwe ya mwisho, ukiwa umeshatulia. Na kwenye ilimba kubwa kuna vile vyuma ambavyo huvigusi kabisa, vimewekwa ili vitikisike vyenyewe pale wenzao wanapopigwa. Watu wanavisahau hivi. Navyo vitie sauti sawasawa na vile unavyovipiga, maana visipolingana havitaitika na ilimba itasikika kama imejaa mchanga. Jaribu hivi, piga do, halafu mara moja ziba chuma cha do na kidole, kama do ya pembeni bado inaimba peke yake basi umeipata.

Chuma kikikataa kabisa, umekivuta mpaka mwisho na bado kiko juu, bandika punje ya nta chini ya ncha yake, uzito unaishusha. Kikiwa chini na hakina pa kusukumwa, piga tupa kidogo kwenye ncha, kupunguza uzito wa ncha kunapandisha. Tupa iwe ya mwisho kabisa, chuma ulichokula hakirudi.

Kuipiga. Kaa chini au kwenye kigoda, sanduku lilale mapajani upande wa nyuma uguse tumbo, viganja vishike pembeni, vidole gumba viwe huru juu. Hakikisha hujaziba lile tundu la utando kwa mguu au kwa shati, wanaoanza wengi wanafanya hivyo halafu wanalalamika. Kidole kinakandamiza ncha ya chuma kwa chini na kinateleza nje, hakichokonoi kwa juu kama mtu anayekuna upele. Acha kucha iwe ndefu kidogo tu. Wiki ya kwanza kidole kitauma, pumzika kikiuma, malengelenge yakipasuka utakaa siku tano bila kupiga na utakuwa umepoteza kuliko ulichopata.

Mpangilio wa vyuma unatofautiana kati ya fundi na fundi kwa hiyo siwezi kukwambia do iko wapi kwako. Piga kimoja kimoja, andika jina lake kwenye kipande cha tepu ya karatasi ubandike ubaoni mbele yake. Ubaoni, usibandike kwenye chuma, tepu ina uzito na itashusha sauti uliyoihangaikia.

Zoezi la kwanza, hesabu mpaka sita ukirudia bila kusimama, mguu unakanyaga moja na nne. Kidole cha kulia kipige pale pale mguu unapokanyaga, moja na nne. Cha kushoto kipige moja, tatu, tano. Polepole sana. Chuma kimoja tu kila mkono, chagua do kushoto na so kulia. Ukiweza kufanya hivyo huku unaongea na mtu aliyekaa pembeni yako, ndo ubadilishe vyuma. Usikimbilie nyimbo, mimi nilikaa na hili wiki tatu na babu hakunionea huruma.

Zoezi la pili ni la kuruka moja, na hili ndo linafungua mlango. Ukisikiliza Wagogo wakiimba sauti mbili, wa pili hafuati jirani wa yule wa kwanza, anaruka sauti moja na kukaa kwenye inayofuata. Mmoja akiwa kwenye do mwenzie yuko mi, akienda re mwenzie yuko so, akienda mi mwenzie yuko ta, akiwa so mwenzie ni do ya juu, akiwa ta mwenzie ni re. Zipige hivyo mbili mbili kupanda na kushuka. Ile ya mi na ta itakushtua kama umekulia kwenye vitabu vya nyimbo, itakuwa kama inakwaruzana. Usikimbie, rudia, ikiwa umetia sauti vizuri utando utavuma pale kuliko mahali pengine popote. Kisha tafuta wimbo unaoujua kwa mdomo, uimbe kwanza, ndo vidole vifuate. Ilimba inamfuata mwimbaji, na mwaka ambao utapata nafasi ya kwenda kwenye tamasha la muziki wa Kigogo pale Chamwino, kaa mbele karibu na wapiga malimba uangalie vidole vyao, jioni moja pale ni sawa na miezi ya kujifungia ndani.

Kuitunza. Adui mkubwa huku kwetu ni ukavu na jua. Tuna mvua za msimu mmoja tu, kuanzia kama Desemba mpaka Aprili, na baada ya hapo mbao inakauka miezi na miezi. Ilimba yangu ya kwanza niliiacha kwenye buti la gari mwezi wa kumi pale Nzuguni saa sita mchana, nilikuwa nimeingia mahali kwa nusu saa, niliporudi ubao wa juu umepasuka kutoka kwenye vyuma mpaka pembeni. Niliumia, ilikuwa imechongwa na mtu ambaye hayupo tena. Kwa hiyo usiiache kwenye gari, usiiegemeze kwenye bati, usiiweke juu ya friji nyuma kunakotoka joto. Kipindi cha kiangazi ifunge na khanga kuukuu uiweke ndani ya sanduku au begi pamoja na kile kisahani cha sabuni chenye matundu, ndani yake weka sponji iliyolowekwa na kukamuliwa vizuri. Isiguse mbao wala vyuma, ni unyevu wa hewa tu tunautaka. Sponji ikikauka ilowanishe tena, ikianza kunuka tupa.

Ufa mwembamba ukitokea kwenye kiangazi usiukimbilie na gundi ngumu. Mbao ikinywa hewa ya masika itavimba na ufa unataka kujifunga wenyewe, ukikuta umejazwa kitu kigumu unaenda kupasuka pembeni yake. Jaza nta ya nyuki, wauza asali wa Manyoni wanayo, ilainishe kwa joto la mkono uisindilie. Ufa mkubwa unaotembea peleka kwa fundi seremala anayeelewa, mwambie asipige msumari.

Vyuma vinapata kutu kwa jasho lako mwenyewe. Ukimaliza kupiga futa kila chuma na kitambaa kikavu, mara moja moja tone la mafuta ya cherehani kwenye kitambaa, sio kwenye chuma. Mafuta ya kupikia hapana, yanaganda na kukusanya vumbi. Na mafuta yoyote yakigusa utando ndo umekwisha, weka mwingine.

Ukiona unga mweupe laini unadondoka chini ya sanduku kila asubuhi, wadudu wa mbao wameingia. Toa utando, funga ilimba kwenye mfuko usiopitisha hewa uitie kwenye friza wiki mbili, kisha itoe na uiache ndani ya mfuko uleule siku nzima mpaka baridi yote iishe, ukifungua mapema itatokwa jasho. Dawa za kupulizia usitumie, hii kitu unaikumbatia tumboni.

Mvua za kwanza zikishanyesha, subiri wiki mbili mbao itulie, halafu pima sauti zote upya kuanzia do ya chini, maana ubao ukivimba unavibana vyuma tofauti na ulivyokuwa Oktoba na nyingi zitakuwa zimehama. Angalia na utando pia, weka akiba ya vifuniko viwili vitatu ndani ya kiberiti kitupu.